Riwaya ya makachero na muuaji wa mfululizo, Kisumu hadi Nakuru: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo waandishi wa riwaya za upelelezi huniuliza tena na tena, wengi wao vijana wa Kisumu, Nakuru, Kakamega na Bungoma wenye muswada mkononi na kachero aliyekwama katika sura ya tatu. Majibu yanafuata sheria na taratibu za Kenya. Jibu likigusa swali jingine, nimekuelekeza huko.

## Kabla ya kuandika

Je, muuaji wa mfululizo ataaminika huku kwetu, au ni jambo la filamu za ng'ambo?

Ataaminika, kwa masikitiko. Julai 2021 polisi walimkamata kijana mwenye asili ya Bungoma, wakamshuku kuwaua watoto wasiopungua kumi katika sehemu mbalimbali za nchi. Katikati ya 2022 wakazi wa Mawanga, Nakuru, walilala kwa hofu baada ya wanawake kuuawa mmoja baada ya mwingine. Julai 2024 miili ya wanawake ilitolewa ndani ya magunia kwenye machimbo ya Kware, Nairobi.

Zingatia kwamba kisa cha Mawanga kilihusishwa na genge. Mauaji yanayofanana yanaweza kuwa kazi ya mtu mmoja, ya kundi, au ya watu wasiojuana kabisa. Makachero wako hawajui ni lipi kati ya hayo wanapoanza, na kutojua huko kunaweza kubeba nusu ya riwaya.

Nianze na nani: muuaji, kachero au marehemu?

Marehemu. Hili nalishikilia kuliko jambo lingine lolote katika ukurasa huu.

Miswada mingi ninayosoma humpa muuaji sura nzima, tangu utotoni mwake hadi kisu chake na muziki anaousikiliza. Aliyekufa hupewa mistari miwili: msichana wa miaka 22 alipatikana kichakani. Mpelelezi anayejua kazi yake huanzia kwa aliyekufa, kwa sababu huko ndiko nyuzi zote zinakoanzia. Alikula nini jioni ile? Alidaiwa na nani? Alipanda boda boda ya nani kurudi nyumbani?

Chukua mama anayeuza omena soko la Kibuye. Ana gorogoro lenye ukingo uliobonyea upande mmoja, na wateja wazee wanajua kwamba akishapima huwa anaongeza kiganja kimoja juu. Wiki mbili baada ya kifo chake, gorogoro lile lile, na kibonyeo kile kile, liko kwa muuzaji mwingine hatua chache tu kutoka kibanda chake. Sasa kachero ana swali la kuuliza, na msomaji ana mtu wa kumlilia.

Kisumu au Nakuru?

Chagua unakopajua kwa miguu. Kisumu ina ziwa, gugumaji, joto la usiku, vichochoro vya Nyalenda na Obunga, na Kondele isiyolala. Nakuru ina baridi ya asubuhi, Kaptembwo na Rhonda zilizojaa wapangaji, kreta ya Menengai juu ya mji, na zile nyumba za Mwariki zilizoachwa wazi maji ya Ziwa Nakuru yalipopanda. Mtu akitafuta mahali pa kuficha jambo, hapo hapakosi.

Unaweza pia kuiweka hadithi barabarani. Kutoka Nakuru hadi Kisumu ni karibu kilomita 180. Unapita Salgaa wanakolala madereva wa malori, unafika Mau Summit ambako njia ya Eldoret inaachana na ya Kericho, kisha unateremka hadi ziwani. Muuaji anayesafiri njia hiyo anavuka kaunti tatu na vituo vingi vya polisi ambavyo havisomi vitabu vya wenzao.

Wahusika wazungumze Kiswahili cha aina gani?

Cha mtu mwenyewe. Konstebo humwita mkubwa wake "afande", mama wa sokoni huitwa kwa jina la mtoto wake, na kijana wa Kondele atasema "omera" (ndugu, kwa Kijaluo) hata mbele ya polisi. Mzee wa Kisumu akiitwa "jaduong'" (mzee wa heshima) na kachero kijana, mlango hufunguka haraka zaidi kuliko akionyeshwa kitambulisho cha kazi. Jambo baya ni kuwafanya watu wote wazungumze kama taarifa ya habari ya saa moja.

## Kituoni

Nani hasa huchunguza mauaji?

Idara ya Upelelezi wa Jinai, ambayo kila mtu huiita DCI. Askari wa kituo hufika kwanza, hufunga eneo (au hushindwa kulifunga) na kungoja makachero wa kaunti ndogo. Kesi ikiwa nzito, kitengo cha mauaji hutumwa kutoka makao makuu, Barabara ya Kiambu, Nairobi. Hapo pana mgogoro wa bure kabisa kwa mwandishi: kachero wa Nairobi ana gari na maabara, lakini wa Kisumu ndiye anayejua ni mwenye kioski gani hufunga wa mwisho.

Uamuzi wa kumshtaki mtu si wa DCI. Ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, ambaye ofisi yake ilipewa uhuru na Katiba ya 2010. Faili inaweza kurudishwa ikiwa na maagizo ya kujaza mapengo, na muuaji wako akatoka kwa sababu ya karatasi moja iliyokosekana.

OB ni nini, na kwa nini unasema kila mwandishi aijue?

Ni kitabu cha matukio kilicho juu ya meza ya mapokezi ya kila kituo. Katika OB ya karatasi, kila ripoti huandikwa kwa mkono na kupewa nambari: tukio la ngapi siku hiyo, kisha siku, mwezi na mwaka. Mtu aliyeripoti huondoka na nambari hiyo kwenye kipande cha karatasi au nyuma ya kiganja. Bila nambari ya OB, ni vigumu kuthibitisha kwamba ulifika.

Uzuri wake kwa hadithi ni kwamba OB hufuata saa. Tukio la saa nne usiku lililobanwa kati ya mistari ya saa mbili, kwa biro ya rangi nyingine, litamwambia kachero makini kwamba mtu alirudi kuandika baadaye.

Familia lazima ingoje saa 24 kabla ya kuripoti aliyepotea?

Hapana. Hakuna sheria ya Kenya inayosema hivyo, ingawa watu wengi wanaamini ipo na wengine wameambiwa hivyo mlangoni. Ukitumia kisa cha mama aliyerudishwa nyumbani, fanya msomaji ajue kwamba mama alinyimwa haki yake.

Makachero hujuaje kwamba vifo vitatu vina mkono mmoja?

Mara nyingi hawajui kwa muda mrefu, na hapa ndipo riwaya ya kwetu inapopata nguvu yake.

Januari 2022 wanaharakati walifika mochari ya hospitali ya Yala, Kaunti ya Siaya, wakakuta maiti zaidi ya 20 zilizoopolewa Mto Yala katika kipindi cha takriban miaka miwili. Baadhi zilikuwa na alama za kufungwa na mateso. Hazikuja pamoja. Ziliingia moja moja, kila moja ikaandikwa kivyake, na nyingi zilikuwa za watu wasiojulikana hapo Siaya. Taifa lilishtuka pale tu mtu alipozihesabu zote kwa pamoja.

Sisemi kwamba Yala ilikuwa kazi ya muuaji wa mfululizo. Nasema mwandishi ajifunze namna vifo vinavyoweza kulala kwenye rejista bila kukutana. Mpe konstebo wako wa kike aliyehamishwa kutoka Yala kwenda Kisumu kumbukumbu ya fundo fulani la kamba. Mpe mhudumu wa mochari daftari lake mwenyewe, alilokuwa akiandika vitu ambavyo fomu haina nafasi navyo. Kinachounganisha kesi ni namna ya kuua, aina ya mtu anayelengwa, mahali mwili unapoachwa, na kitu kinachochukuliwa. Uthibitisho wa maabara huja baadaye, ukija.

Tafadhali usimpe muuaji tabia ya kuacha kadi au mashairi. Sijaona mswada hata mmoja ulionufaika nayo.

## Mwili na maabara

Mwili ukitoka ziwani, mambo huwaje?

Mwili huzama kwanza, kisha huibuka gesi zinapojaa ndani. Maji ya Ziwa Victoria ni ya uvuguvugu, kwa hiyo huibuka upesi kuliko katika maji ya baridi. Anayeuona huwa mvuvi, aghalabu alfajiri. Humwambia mwenyekiti wa kamati ya ufuo, kule Dunga au kwingineko, naye huwaita polisi. Gugumaji linaweza kuuzuia mwili au kuusogeza pamoja na upepo, hivyo mahali ulipoonekana si lazima pawe karibu na ulipotupwa.

Daktari atatafuta kama marehemu alivuta maji akiwa hai. Kuzama ni utambuzi mgumu, na daktari mwaminifu anaweza kuandika kwamba chanzo cha kifo hakikubainika. Kachero wako atalichukia neno hilo. Liache libaki.

Asiyejulikana hutambuliwaje?

Kwa alama za vidole kwanza. Kila Mkenya anayechukua kitambulisho akifika miaka 18 hutoa alama za vidole vyote kumi, kwa hiyo mtu mzima anaweza kupatikana kwenye sajili. Hata ngozi ya kiganja ikibanduka kwa sababu ya maji, mtaalamu aliyetulia bado anaweza kupata alama.

Mtoto hayumo kwenye sajili hiyo. Ndiyo maana kesi za watoto hukwama kwa njia ya uchungu zaidi: hutegemea nguo, meno, kovu, na mzazi aliyefika mochari sahihi. Asiyedaiwa hutangazwa gazetini, na baada ya kibali cha mahakama huzikwa pamoja na wengine wasiojulikana. Ukiandika kwamba familia ilifika baada ya hapo, andika polepole.

Majibu ya DNA yanaweza kuja kesho yake?

La. Sampuli hufungwa, hutiwa saini, husafirishwa na kupanga foleni. Mkemia wa Serikali ana ofisi Nairobi, Mombasa na Kisumu, na DCI ilizinduliwa maabara yake ya kitaifa Nairobi mwaka 2022. Panga majuma au miezi. DNA pia huhitaji kitu cha kulinganisha nacho: mate ya mzazi, au sampuli ya mshukiwa. Peke yake haitaji jina la mtu.

Kila aliyeshika kielelezo lazima ajulikane, kutoka eneo la tukio hadi mahakamani. Wakili mzuri hushinda kesi kwa kuuliza swali moja tu: bahasha hii ilikaa kwa nani kati ya Ijumaa jioni na Jumatatu?

Daktari anaweza kutaja saa kamili ya kifo?

Hawezi. Kukakamaa kwa mwili huanza takriban saa mbili hadi sita baada ya kifo, hukamilika karibu saa kumi na mbili, kisha hulegea polepole. Joto la Kisumu huharakisha, baridi ya Nakuru huchelewesha. Mwachie daktari kipindi kirefu, na saa kamili zitoke kwenye M-Pesa ya mwisho aliyotuma marehemu.

Simu na kamera zinasaidia kiasi gani?

Sana. Kampuni ya simu hutoa rekodi kwa amri ya mahakama: nani alimpigia nani, na laini ilishika mnara upi. Mnara wa mjini hufunika eneo dogo. Wa kijijini unaweza kufunika vijiji kadhaa, kwa hiyo usimfanye kachero aende moja kwa moja hadi mlango wa nyumba huko Nyakach.

Picha za kamera au nakala za simu hazikubaliwi hivi hivi. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, hudai cheti kinachoeleza zilivyotolewa na kifaa gani. Mwenye duka aliyekupa video kwa hisani ana safari ya kwenda mahakamani.

## Kukamatwa na mahakama

Polisi wanaweza kumzuilia mshukiwa kwa muda gani?

Ibara ya 49 ya Katiba hutaka afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku inayofuata ya kazi ya mahakama ikiwa muda huo unaangukia nje ya saa za mahakama. Makachero huomba siku zaidi, na hakimu huamua. Ndiyo sababu watu wengi hukamatwa Ijumaa jioni.

Mshukiwa amekiri kila kitu mbele ya makachero. Riwaya imeisha?

Ndiyo kwanza imeanza. Kifungu cha 25A cha Sheria ya Ushahidi hukataa ungamo, isipokuwa limetolewa kortini mbele ya jaji au hakimu, au mbele ya afisa wa polisi mwenye cheo kinachotajwa na sheria ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo, tena pawepo mtu wa tatu aliyechaguliwa na mshukiwa mwenyewe.

Katika kisa cha Kware, polisi walitangaza kwamba mshukiwa amekiri kuua wanawake 42. Idadi hiyo ilikuwa kubwa mno kuliko miili iliyopatikana, na wakili wake aliiambia mahakama kwamba mteja wake aliteswa. Mwezi uliofuata, Agosti 2024, akatoroka kituo cha Gigiri. Fikiria uko mama anayetafuta binti yake: umesikia namba kwenye redio, mwili huna, na sasa mtu pekee anayeweza kujibu hayupo.

Muswada wako unaweza kukaa sura tano ndani ya jambo hilo. Kachero anajua moyoni kwamba amempata mtu, lakini alimpata kwa namna ambayo mahakama haitaikubali. Usimtetee. Kachero anayepiga mtu hadi akakiri huenda akamfunga asiye na hatia na kumwacha muuaji huru mtaani, na wanaolipia kosa hilo ni watakaokufa baadaye.

Gwaride la utambulisho hufanywaje?

Mshukiwa husimama kati ya watu wasiopungua wanane wanaofanana naye kwa umri, kimo na sura. Ana haki ya kuchagua mahali pa kusimama. Shahidi akiwa ameshaona picha yake mtandaoni, gwaride halina thamani, na siku hizi hilo ni rahisi kutokea.

Kesi husikizwa wapi, na adhabu ni ipi?

Mauaji husikizwa na Mahakama Kuu, na Kisumu na Nakuru zote zinayo. Kabla ya kujibu mashtaka, mshtakiwa hupimwa akili. Kifungu cha 204 cha Kanuni ya Adhabu bado kinataja kifo, lakini Desemba 2017 Mahakama ya Juu iliamua katika kesi ya Muruatetu kwamba jaji hawezi kulazimishwa kutoa adhabu hiyo. Hakuna aliyenyongwa Kenya tangu 1987. Basi usifunge riwaya kwa kitanzi.

## Yanayokwama

Naweza kuacha umma umuue muuaji?

Hutokea. Yule mshukiwa wa 2021 alitoroka kituo cha Jogoo Road, Nairobi, tarehe 13 Oktoba, na ndani ya siku mbili alikuwa ameuawa na umati huko Bungoma, nyumbani kwao. Waandishi huipenda tamati hiyo kwa sababu inamaliza mambo haraka.

Nakuomba uiandike kwa bei yake yote. Kesi ilikufa naye. Hakuna mzazi aliyesikia ushahidi ukisomwa, na hakuna aliyeuliza mahakamani kama watoto wengine walizikwa mahali. Riwaya ikionyesha umati, ionyeshe pia kesho yake.

Muuaji wangu anasema alitumwa na majini. Nifanye nini?

Mruhusu aseme. Washukiwa wamewahi kutaja nguvu za giza, na magazeti hupenda kichwa cha namna hiyo. Makachero wako waandike maneno hayo kisha waendelee kuuliza alilala wapi Jumanne. Ukiyafanya majini yawe jibu, umemwondolea muuaji uamuzi wake.

Kabila la muuaji litajwe?

Akiwa na jina, msomaji atajua. Usilifanye kidokezo. Kisumu na Nakuru zimeona damu ya kikabila, hasa baada ya uchaguzi wa 2007, na kachero anayesema "watu wa kule ndivyo walivyo" awe amekosea, na kosa hilo limgharimu shahidi.

Je, muuaji akiwa polisi?

Inawezekana, na uchunguzi hubadilika. Kifo kilichosababishwa na polisi huingia mikononi mwa IPOA, mamlaka huru ya kusimamia utendaji wa polisi iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Mashahidi nao wanaweza kuhitaji ulinzi wa serikali chini ya sheria ya 2006. Jihadhari na jambo moja: afisa muuaji anajua jinsi OB inavyoandikwa. Rudi kwenye swali la OB, kisha usome upya sura zako za mwanzo.

Ninaweza kutumia kisa halisi, na majina yake?

Tumia taratibu, mazingira na hofu yake. Majina ya marehemu yaache, na ya washukiwa ambao hawajahukumiwa pia. Mimi mwenyewe sijawataja humu. Kesi ikiwa bado mahakamani, badilisha mji, mwaka, kazi za watu na namna ya kuua, hadi jirani wa familia asome bila kumtambua mtu.

Ukilazimika kukaribia kisa fulani, nenda kwa familia kabla ya kwenda kwa mchapishaji. Enda na mtu wanayemheshimu, mzee wa mtaa au mhubiri wao, useme unachotaka kuandika, na ukiambiwa hapana ukubali. Wakikubali, waulize marehemu alipenda nini. Andika jibu hilo kwanza.